MTU ALIYEPOTEZA WATOTO WANNE USIKU MMOJA



Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usiifungie karanga, mpaka umeisoma yote. Sijui wewe ni nani. Labda ni mama uliyetoka kuzika juzi. Labda ni kijana uliyepunguzwa kazini, umekuja hapa uwanjani kusikiliza muziki tu, upoteze mawazo. Labda ni mlokole wa siku nyingi, unaimba kwaya, unatoa zaka, lakini usiku ukifika usingizi hakuna, unageuka geuka kitandani mpaka jogoo anawika. Yeyote uliye, hebu kaa chini kidogo nikusimulie habari za mtu mmoja. Wimbo wake unaujua. Yeye mwenyewe humjui.

Nasema unaujua kwa sababu sijaona msiba wa Wakristo ambao haukuimbwa. Ni ule wa Tenzi za Rohoni unaosema habari ya roho kuwa salama, hata kama mambo yamechafuka kama bahari yenye dhoruba. Walutheri wanauimba, Waanglikana wanauimba, sisi Wapentekoste tunauimba na kupiga makofi juu yake. Mimi niliuimba miaka mingi sana, na siku zote nilidhani aliyeutunga ni mzungu fulani aliyekaa bustanini, amekunywa chai yake, ameshiba, akaona aandike wimbo. Kumbe sivyo! Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitueleza habari zake, na siku ile darasa zima tulinyamaza. Hata chakula cha mchana nilikula kidogo.

Mtu huyo aliitwa Horatio Gates Spafford. Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1828 katika jimbo la New York, nchini Marekani. Alisoma sheria, akawa wakili, na mwaka 1856 akahamia Chicago. Mji huo uko kando ya Ziwa Michigan, ziwa kubwa, dogo kidogo tu kuliko Victoria yetu. Wakati ule Chicago ulikuwa mji unaokua kwa kasi. Kila mwenye akili ya biashara alikimbilia huko. Spafford alifanikiwa. Alikuwa na ofisi, wateja na nyumba nzuri nje kidogo ya mji, mahali panapoitwa Lake View.

Lakini usifikiri alikuwa wakili wa pesa tu. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, mzee wa kanisa la Presbiteri, na alifundisha shule ya Jumapili. Humo ndimo alimoonana na msichana Anna, mzaliwa wa Stavanger, Norway, aliyeletwa Marekani akiwa mdogo na baadaye akabaki yatima. Walioana mwaka 1861. Mungu akawapa mabinti wanne: Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Rafiki yao mkubwa alikuwa mhubiri Dwight L. Moody, yule ambaye mikutano yake ilijaza watu Marekani na Uingereza. Yaani nyumba ile ilikuwa nyumba ya maombi na wageni. Ungeingia pale ungesema, hawa watu Mungu amewabariki, wamefika.

Sasa sikiliza.

MOTO

Mwaka 1871 Spafford aliweka fedha nyingi katika viwanja na ardhi ya Chicago. Mwaka huohuo kiangazi kilikuwa kikali, mvua hakuna, na mji karibu wote ulijengwa kwa mbao. Hata njia za waenda kwa miguu zilikuwa za mbao. Jioni ya tarehe 8 Oktoba moto ukaanza, upepo ukausukuma, na hadi unazimika tarehe 10 katikati ya mji palikuwa majivu. Watu wapatao 300 walikufa, na watu kama 100,000 wakabaki bila nyumba. Hao walikuwa theluthi moja ya watu wote wa mji ule! Mali ya Spafford ikaenda na moto.

Nyumba yao ilikuwa mbali kidogo, ikapona. Na unajua walifanya nini? Walifungua milango. Waliounguliwa wakaja, wakalishwa, wakatibiwa. Wao wenyewe wana hasara kubwa, na bado wanapika kwa ajili ya wengine. Ndugu, wewe ukipata hasara huwa unafanya nini? Mimi nikikosa nauli tu huwa sisalimii watu.

Miaka miwili ikapita namna hiyo. Anna alichoka sana, afya ikazorota, na daktari akashauri apumzike. Wakapanga safari ya Ulaya, familia yote. Moody na mwimbaji wake Ira Sankey walikuwa Uingereza wakihubiri, basi Spafford alitaka pia kwenda kuwasaidia. Tiketi zikakatwa za meli ya Kifaransa iitwayo Ville du Havre, iondoke New York tarehe 15 Novemba 1873. Mwaka ule biashara Marekani ilikuwa imeanguka vibaya, na karibu na siku ya kuondoka likatokea jambo la kikazi ambalo Spafford hakuweza kuliacha. Akawaambia watangulie. Yeye angefuata.

Akampandisha mke wake na watoto wanne melini. Mkubwa wao Annie alikuwa na miaka 11. Mdogo Tanetta alikuwa bado wa kubebwa. Akawapungia mkono, akarudi Chicago.

USIKU WA TAREHE 22

Watu wa Ziwa Victoria na watu wa Unguja na Pemba sina haja ya kuwaeleza habari ya meli. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Spice Islander ilizama Septemba 2011. MV Nyerere ilizama Septemba 2018 pale Ukara, karibu kabisa na nchi kavu. Unayesoma hapa labda una jina la mtu wako katika mojawapo ya hizo. Basi soma polepole, na ukiona huwezi, ruka sehemu hii, Mungu hatakuhesabia.

Usiku wa manane kuamkia asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, Ville du Havre iligongana na meli ya matanga ya Kiskoti iliyoitwa Loch Earn. Loch Earn ilikuwa ya chuma, nayo ikatoboa ubavu wa ile ya Kifaransa. Abiria walikuwa wamelala. Waliamshwa na kishindo, wakatoka na nguo za kulalia, wakapanda juu kwenye baridi na giza. Mashua za kuokolea hazikutosha kufunguliwa. Mlingoti ukaanguka juu ya watu. Ndani ya dakika kama 12 tu meli kubwa vile ikawa imezama. Kwa watu 313 waliokuwamo, 226 walikufa.

Anna alikuwa juu na mabinti zake wote wanne. Alimshika Tanetta mikononi. Meli iliposhuka, maji yaliwavuta wote chini, na kitu kikampiga mikono, mtoto akachomoka. Mama mmoja aliniambia nisiandike mambo haya, yanatisha. Lakini mimi naandika kwa sababu huyu mwanamke aliyapitia, na kama yeye aliyapitia, sisi tunaweza angalau kuyasoma.

Mashua ya Loch Earn ilimkuta Anna akielea juu ya ubao, hana fahamu. Alipozinduka aliambiwa. Wote wanne hawapo.

Na Loch Earn yenyewe ilikuwa imevunjika mbele, ikawa hatarini kuzama pia. Meli moja ya mizigo ya Kimarekani, Tremountain, ikawachukua manusura na kuwapeleka Cardiff, Wales. Walifika tarehe 1 Desemba. Siku zote hizo Spafford kule Chicago hajui lolote. Kutoka Cardiff Anna akampelekea mumewe telegramu, akimjulisha kwamba yeye peke yake ndiye aliyeokoka, na kuuliza afanye nini sasa. Karatasi ile ya telegramu imehifadhiwa Marekani, katika maktaba kubwa ya serikali kule Washington.

Msomaji wangu, jiweke mahali pa baba huyu. Uko ofisini, mtu analeta karatasi. Unaifungua.

Inasimuliwa kwamba usiku ule hakulala, alitembea chumbani kwenda na kurudi mpaka kukacha. Sikuandikii hapa kwamba aliruka na kusema haleluya. Hakuruka. Wako wahubiri wanaohubiri habari hii kama vile Spafford alipata telegramu asubuhi na mchana akaimba. Huo ni uongo, na uongo wa namna hiyo unawaumiza watu, kwa sababu mfiwa anarudi nyumbani anajiona yeye siye Mkristo kwa kuwa bado analia. Bwana wetu Yesu alilia machozi kaburini kwa Lazaro, na alikuwa anajua kabisa kwamba dakika chache baadaye atamfufua! (Yohana 11.) Sasa wewe usiyeweza kufufua, nani akukataze kulia?

MAHALI PENYEWE

Spafford akapanda meli kwenda kumchukua mke wake. Njiani nahodha alimjulisha kwamba sasa wako karibu na mahali ilipozama Ville du Havre. Pale maji yana kina cha maili tatu hivi. Akasimama akayatazama. Baadaye, katika barua aliyomwandikia ndugu wa mkewe, alieleza kwamba hawafikirii watoto wake kuwa wako kule chini. Anawafikiria kuwa wako salama, kama wana-kondoo waliokusanywa zizini.

Hapo, ndugu, ndipo penye siri yote. Angalia vizuri. Yeye hakusema bahari haina kina, wala watoto hawakufa, wala haimuumi. Maili tatu za maji ziko palepale chini ya miguu yake. Ila alichagua watoto wake awaone wapi. Akawaona kwa Yesu. Biblia inaposema habari ya amani ya Mungu ipitayo akili zote (soma Wafilipi 4:6-7), inasema amani hiyo italinda mioyo, kama askari anavyolinda lango. Askari huwekwa mahali penye adui. Kama hakuna vita, askari wa nini? Kwa hiyo ukisikia amani ya Kristo usifikirie kijiji kilichotulia jioni. Fikiria mlango unaogongwa usiku kucha na mlinzi hajaondoka.

Na wimbo je? Binti yake Bertha, aliyezaliwa baadaye, aliandika katika kitabu chake kwamba baba yake aliuandika melini karibu na mahali pale. Ira Sankey yeye aliandika kwamba Spafford aliutunga mwaka 1876, walipokuwa wageni nyumbani kwake Chicago. Tena nakala ya zamani ya mkono wake iko juu ya karatasi ya hoteli ya Chicago. Wengine wanagombana juu ya jambo hili. Mimi halinisumbui hata kidogo, tena ile habari ya 1876 inanifariji zaidi. Kama ni kweli, basi ina maana ilichukua miaka mitatu mpaka yale yaliyoanzia juu ya bahari yakapata maneno. Miaka mitatu! Wewe una miezi miwili tangu uzike na unashangaa kwa nini moyo haujatulia.

Aliyetia sauti wimbo huo ni Philip Bliss, mwimbaji wa injili. Sauti yenyewe aliipa jina la ile meli, Ville du Havre. Wimbo ulianza kuimbwa Chicago mwezi Novemba 1876. Na huyu Bliss, sikiliza, tarehe 29 Desemba mwaka uleule alikuwa safarini kwa treni pamoja na mke wake, daraja la reli la Ashtabula katika jimbo la Ohio likavunjika, mabehewa yakaanguka mtoni na kuwaka moto. Wakafa wote wawili pamoja na watu wengine wengi. Alikuwa na miaka 38. Hata miezi miwili haikupita tangu wimbo ule uanze kuimbwa.

NANI ALIYETENDA DHAMBI?

Wahubiri wengi huishia melini, wakifunga Biblia na kuita watu mbele. Lakini habari haikuishia pale, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike karatasi hii.

Mungu aliwapa Spafford na Anna watoto wengine. Wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Horatio kama baba yake. Mwaka 1878 wakapata Bertha. Nyumba ikaanza kusikika sauti tena. Mwezi Februari 1880 yule mtoto wa kiume, hajafika hata miaka mitano, akashikwa na homa ile ya watoto inayotoa vipele vyekundu mwili mzima. Akafa. (Utasikia watu wakisema alikufa kabla ya moto wa Chicago. Sivyo. Alikufa baada ya dada zake, baada ya wimbo.) Hebu fikiria. Mtu ameshaandika wimbo wa amani, dunia inauimba, halafu anachimba kaburi la tano.

Na hapo ndipo maneno yakaanza kanisani. Watu walianza kunong'ona kwamba si bure. Watoto watano! Lazima kuna dhambi imefichwa katika nyumba ile. Mungu anawaadhibu. Yaani watu walewale waliokula mezani kwake sasa wakamtazama kama Ayubu alivyotazamwa na rafiki zake.

Nisamehe hapa niseme langu. Mimi na mke wangu tulizika mtoto wa miezi saba. Wiki ileile alikuja mpendwa mmoja nyumbani, mtu wa maombi kabisa, akanikalisha pembeni akaniuliza kama nimechunguza maisha yangu, maana mtumishi wa Mungu hafiwi hivihivi. Nilitubu usiku ule kila dhambi niliyoweza kuikumbuka, hata maembe niliyoiba nikiwa darasa la tatu. Nilimaliza nikiwa vilevile. Mke wangu alikaa mwezi mzima haingii kanisani. Na nikuambie kweli, kilichoniuma zaidi ya kaburi ni swali lile.

Wanafunzi wa Yesu nao walimuuliza juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. (Soma Yohana 9 yote, ni sura tamu.) Akamponya mtu yule, wala hakumfanyia mahojiano. Basi wewe unayekwenda kufariji wafiwa, beba mchele au sukari, kaa kwenye mkeka, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, osha vyombo.

Spafford na mkewe walitoka katika kanisa lile. Kidogo kidogo wakapata kikundi cha watu wa kuomba nao nyumbani.

Sasa nitasema na jambo jingine, maana sipendi kuandika maisha ya mtu kama vile alikuwa malaika. Spafford alikuwa na makosa yake. Alipoondoka Chicago aliacha madeni, na wakili anayeacha madeni si ushuhuda mzuri. Pia mafundisho yake yalianza kwenda pembeni. Alifikia kukataa kwamba kuna adhabu ya milele, na hapo mimi siko pamoja naye. Kile kikundi chake nacho, baada ya yeye kufa, kilikuwa na sheria za ajabu, hata kuzuia watu wasioane kwa miaka mingi. Nimeyaandika haya usije ukasikia kwa wengine ukadhani nilikuficha. Huzuni kubwa inaweza kumsogeza mtu kwa Mungu, na mtu huyohuyo akakosea njia ndogo ndogo. Tunahitaji wapendwa wa kutushika mkono, na wale waliompasa kumshika walikuwa wanamnyooshea kidole.

YERUSALEMU

Mwezi Agosti 1881 Spafford, Anna, Bertha na mtoto mchanga Grace, pamoja na wenzao wachache, waliondoka Marekani kwenda Yerusalemu. Mji ulikuwa chini ya Waturuki. Wakapanga nyumba ndani ya mji wa kale, karibu na lango la Dameski. Hawakwenda kujenga kanisa kubwa. Waliuguza wagonjwa, walilisha maskini, Mwislamu, Myahudi, Mkristo, hawakuuliza dini kwanza. Mwaka 1882 walifika pale Wayahudi kutoka Yemen, maskini hohehahe, hawana pa kulala. Watu wa Spafford wakawapikia. Wenyeji waliwaita Wamarekani, na mahali pao pakaitwa Koloni la Wamarekani.

Fikiria mama huyu Anna. Wanawe wanne wako baharini, mmoja yuko kaburini Chicago, na yeye yuko Yerusalemu anaosha vidonda vya mtoto wa mtu mwingine. Kwa habari zilizoandikwa, mara baada ya kuokolewa alikuwa na hali mbaya hata watu waliogopa asije akajidhuru, na kilichomshika ni wazo moja lililomjia kwa nguvu, kwamba ameachwa hai kwa ajili ya kazi fulani. Hakujua ni kazi gani. Alikuja kuijua jikoni Yerusalemu, miaka minane baadaye, juu ya sufuria za watu wengine.

Spafford hakuishi huko muda mrefu. Tarehe 16 Oktoba 1888, zikiwa zimebaki siku nne tu afikishe miaka 60, alikufa kwa malaria. Ndiyo, malaria, ugonjwa wetu huuhuu, unaowatoa watoto wetu mikononi mwetu mpaka leo. Alizikwa palepale Yerusalemu. Hakurudi kuona Chicago iliyojengwa upya, wala hakupata utajiri wake tena, kama wengi wanavyopenda kumaliza shuhuda siku hizi, kwamba mwisho nilipewa nyumba na gari.

Anna aliendelea na kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza njaa ilipoupiga mji ule, watu wa koloni walipika supu na kulisha maelfu. Anna akafa mwaka 1923. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1925, Bertha alikutana na mwanamume aliyembeba mtoto mchanga, na mama wa mtoto mgonjwa sana. Mama akafa usiku uleule, na Bertha akamchukua yule mtoto. Wakaletwa wengine. Nyumba yao ya zamani ndani ya mji wa kale ikawa nyumba ya watoto, na mpaka kizazi chetu imeendelea kuhudumia watoto wa Yerusalemu, ikiitwa kwa jina la Spafford. Mtu aliyepoteza watoto watano, jina lake likabaki mlangoni mwa nyumba ya watoto.

SASA WEWE

Umefika hapa, asante kwa kunivumilia. Nina maswali matatu tu. Watu wako uliowapoteza, unawaona wapi? Hofu yako ya usiku umempa nani ailinde? Na Yesu huyu ambaye Spafford alimshika juu ya maili tatu za maji, ni wako, au ni wa wazazi wako na wa kitabu cha Tenzi tu? Yeye mwenyewe aliahidi kuwaachia wanafunzi wake amani isiyofanana na ile ya dunia (Yohana 14:27). Haiuzwi. Mafuta ya upako hayaileti, wala chumvi, wala leso ya mtumishi. Inapatikana kwa kumpa Bwana maisha yako, dhambi zako pamoja na makaburi yako.

Leo jioni mahubiri yakiisha, usikimbilie gari. Njoo mbele, upande wa kushoto wa jukwaa, penye taa na mikeka. Tuko ndugu na akina mama wachache pale. Hatutakuuliza umekosa nini. Tutakusikiliza kwanza, ndipo tuombe. Kama uko mbali na karatasi hii imekufikia kwa mkono wa mtu, piga magoti hapo hapo ulipo, umwite Yesu kwa lugha yako ya nyumbani, kisha Jumapili tafuta kanisa la watu waliookoka lililo karibu nawe. Na ukija kwetu, njoo na jina la marehemu wako, hata kama ni mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina. Tutakaa nawe tukitaje pamoja kile ulichokuwa unamwita.